Uliniita au Hukuniita

3 Machi

Wifi yangu Mikono,

Salamu kwanza, shida baadaye. Hujambo? Kaka yangu hajambo? Mwambie apunguze chumvi, presha haijali ubishi wake. Mimi mzima kuanzia utosini hadi mapajani; goti la kushoto lina serikali yake, likitaka tunakwenda, lisipotaka tunakaa.

Bado niko kwa dobi, napiga pasi. Usicheke. Kiwanda cha vifungo, duka la mikate, zahanati, na sasa hapa: kila nikizoea kiti, miguu inaanza kuniwasha. Basi juzi amekuja mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kuchukua jezi. Akanitazama, akazitazama jezi, akasema, "Wewe si yule beki, Komeo?" Nusura nikane. Wifi, anataka niwafundishe mpira wasichana wake! Jibu analitaka kabla ya mwezi kwisha. Tangu siku hiyo nimeunguza mashati mawili.

Naitaka kazi hii hadi meno yananiuma. Lakini nitamfundisha nani, mimi beki asiyesikia? Ndivyo kocha alivyowaambia waandishi baada ya ile fainali, na jina hilo halijanibanduka. Kwa hiyo nakuuliza kwa karatasi, maana tukiwa uso kwa uso huwa tunayageuza maneno. Ule mpira wa juu, dakika ya themanini na tatu: uliniita? Makipa wengine wote walikuwa wakipiga kelele "Acha!", na washambuliaji wajanja wakawa wanaiga. Sisi tulikuwa na letu. Ukisema "Wifi!" nilijua nikuachie, maana uwanja mzima hakuna mwingine aliyekuwa na wifi. Siku ile sikusikia kitu. Niliruka, tukagongana, mpira ukaingia wavuni, goti likaenda na maji. Nikiwa kwenye machela nikakusikia ukimwambia kocha, "Nilimwita." Hilo nililisikia vizuri sana.

Nijibu upesi.

Wifi yako,
Komeo


9 Machi

Wifi Komeo,

Barua imefika na imetuchekesha. Sisi wazima. Kaka yako anaguna tu kama kawaida, anasema chumvi haijamuua babu yake. Mimi niko palepale kwenye duka la vioo, nakata na kubeba, na tangu nianze sijadondosha hata kimoja. Watu wanashangaa. Nawaambia, hii mikono imesomea.

Hongera kwa kazi! Kubali, usisumbue kichwa. Mambo ya fainali ni ya zamani, maji yakimwagika hayazoleki. Na zile kelele za jukwaani, nani angesikia nini? Hata refa hakuwa anasikia kipyenga chake mwenyewe. Nunua kofia ya ukocha, upige picha ututumie.

Tangawizi inasaidia goti.

Wifi yako,
Mikono


14 Machi

Wifi,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi salama kiasi.

Nimeisoma yako mara tatu. Umeniletea habari za vioo, za maji, za refa na tangawizi. Ndiyo haimo, hapana haimo. Mimi sikukuuliza nani angesikia. Nilikuuliza kama uliita.

Jana niliomba ruhusa kazini nikaenda kupimwa masikio. Usidhani natania. Daktari alisimama nyuma yangu akawa ananong'ona maneno, "kitunguu", "ngazi", "sindano", na mimi nayarudisha yote. Akasema masikio yangu yanaweza kusikia sisimizi wakigombana. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kama masikio ni mazima, basi ni kichwa, na nitamkabidhije mtoto wa mtu kwa kichwa kama hicho?

Ukisema uliniita, nitamwambia mwalimu mkuu atafute mwingine, na sitakulaumu. Nataka tu kujua. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Tajiri wangu, dobi mwenyewe, amesema nikiunguza shati la tatu nitalivaa.

Zimebaki siku kumi na sita.

Wifi yako,
Komeo


31 Machi

Komeo,

Sikuulizi hali, naona aibu kuuliza. Najua siku ulizonipa zimepita. Nimeandika barua hii nikaichana, nimeandika nikaichana.

Sikukuita.

Asubuhi ile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ndipo nilipojua kuwa wewe ndiye uliyemwambia kaka yako habari za ile timu ya ng'ambo iliyotaka kunijaribu. Nilikuambia iwe siri yetu mpaka nipate namna ya kumwingia. Wewe ulimi wako hauna mfupa. Yeye alikuwa ameshasema haendi mke wake popote. Nikakuambia, "Kuanzia leo usiniite wifi, na mimi sitakuita." Ulicheka, ukadhani hasira zitaishia mlangoni. Mimi niliapa.

Mpira ukaja. Neno likafika hapa kooni, nikalimeza. Nilidhani nitauwahi bila kukuita. Kocha aliponiuliza, niliogopa, nikasema nilichosema. Ulipokuwa hospitali nikajiambia, nitasema akipona. Ulipopona nikajiambia, nitasema akisahau. Nikadaka misimu minne zaidi huku wewe ukiuza mikate.

Nisamehe, kama kuna wa kusamehewa hapa.

Wifi yako,
Mikono


7 Aprili

Kipa,

Salamu. Mimi mzima.

Barua yako imefika tarehe nne. Kazi niliikubali tarehe thelathini. Nilikungoja nikachoka, nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia, "Mimi ndiye yule asiyesikia. Kama unanitaka hivyohivyo, nipo." Akasema ana wasichana hamsini wasiosikia, akiongezeka mmoja si kitu.

Sasa ukweli wako umenikuta nimeshaamua. Mzigo nilikuwa nimeuzoea, nimeupatia hadi pa kuuweka, ndipo unaniambia haukuwa wangu. Nina hasira, tena nyingi. Miaka tisa! Ungekuwa karibu ningekurushia pasi, na sisemi pasi ya mpira, nasema ya makaa.

Langu nalo nilitaje. Kaka nilimwambia kwa makusudi. Niliona ukienda ng'ambo nitabaki nacheza mbele ya kipa mwingine, nikakuonea wivu. Hilo ni kosa langu, samahani. Lakini usijaribu kulipima na goti langu.

Kwenye timu hii kuna kipa na beki wake, marafiki chanda na pete. Juzi hawakuwa wakisemeshana kwa sababu ya kitana. Kila mpira unaanguka katikati yao, wanatazamana. Nikasimamisha mazoezi. Nikawaambia, "Gombaneni sasa hivi, hapahapa, kwa sauti. Tutawangoja." Waligombana, wakatajana ya mwaka juzi, mpaka mmoja akashindwa, akacheka. Kisha nikawapigia mipira ya juu thelathini, na kila mmoja nilitaka niusikie ukiitwa. Wa thelathini na moja sikuweza kuupiga. Nilikwenda nyuma ya goli nikalia mbele ya watoto wa watu.

Usije kwanza. Nikitaka uje nitaandika, na sijui ni lini.

Kaka yangu mpaka leo anaamini mimi ndiye niliyeifungisha timu. Ukweli anao mkewe. Mimi safari hii simwambii kitu.

Dada wa mume wako,
Komeo