Zamu Yangu ya Kukata Upepo

Jumatatu, mwezi wa sita. Sundbyberg. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, na mimi nashuka ngazi kinyumenyume.

Kweli, kinyumenyume. Mapaja yamegoma. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, kazi ya kusimama kutwa, na leo nimeifanya nikiegemea kiti cha mgonjwa kila nilipopata upenyo. Daktari akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia sijaanguka, nimeizunguka Mälaren kwa baiskeli. Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki.

Ziwa zima, jamani! Karibu kilomita mia tatu. Tulitoka Stockholm alfajiri tukashuka kusini, tukazunguka kule Strängnäs na Västerås, tukarudi kwa upande wa kaskazini. Mimi, Mama Neema wa Singida, niliyejifunza kuendesha baiskeli nimeshapita arobaini, kwenye uwanja wa kuegesha magari hapa hapa Sundbyberg, bibi mmoja wa Kiswidi akikimbia nyuma yangu ameshikilia kiti nisianguke.

Bado siamini. Naandika ili niamini.

Nyumbani Singida nilikuwa mtu wa kupakiwa. Baiskeli ilikuwa ya baba, baadaye ya kaka. Ukiwa msichana ulikaa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, umekumbatia gunia la alizeti, na ukifika unashuka unasema asante. Sikuwahi kulalamika. Sikujua kama kuna cha kulalamikia. Lakini nilipojiunga na hii timu yetu, baada ya miezi michache nikaanza kuhisi kitu ninachokifahamu. Nimepakiwa tena.

Timu ni watu wanne. Nahodha ni Achieng', binti wa Kikenya aliyekulia Upplands Väsby tangu akiwa mdogo, Kiswahili chake nusu cha Nairobi, nusu cha hapa, na akisema saa moja ana maana saa moja, si saa moja na robo. Yuko Shabani wa Tanga, dereva wa basi, mdomo haupumziki hata kwenye mlima. Halafu yuko Papa Josué, Mkongomani wa Uvira, anafanya kazi kwenye kiwanda cha malori Södertälje. Papa Josué ni mlima. Ukikaa nyuma ya Papa Josué huoni barabara, huoni ziwa, na upepo haukuoni wewe.

Na hapo ndipo penyewe. Timu za baiskeli huenda kwa mstari, gurudumu kwa gurudumu. Wa mbele anakata upepo, wengine wanajificha nyuma yake, na anayejificha hatumii hata nusu ya jasho. Kwa hiyo watu hupokezana. Unakaa mbele kidogo, unajitoa pembeni, unarudi mkiani kupumua, mwenzako anapokea. Ndiyo adabu ya mchezo huu. Kila mtu na zamu yake.

Isipokuwa mimi.

"Mama, wewe kaa tu hapo katikati," walikuwa wananiambia. Kila Jumapili ya mazoezi. Kwa upendo kabisa, kwa heshima, mimi ni mkubwa wao ukimtoa Papa Josué. Na mtu akikutendea wema, utamgombeza vipi? Nikawa natabasamu, nakaa katikati, naangalia migongo yao. Lakini usiku kabla ya mbio nilimwambia Mungu ukweli wangu. Sitaki medali. Nataka zamu moja mbele kabla ya mstari wa mwisho. Nisije nikalizunguka ziwa zima kama gunia.

Neema wangu, mwenye miaka kumi na tano, aliponiona nakagua tairi kwa mara ya tatu, akaniambia kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote, kwamba hakuna anayenilazimisha. Nikamwambia najua. Ndiyo maana naogopa.

Sasa niseme niliyoyaona, maana nimekuwa nikitembea nayo siku mbili bila kuyasema.

Nilidhani mwanzo wa mbio utakuwa na kelele. Nilitarajia ngoma, vipaza sauti, watu kushangilia. Wapi! Mamia ya watu walisimama na baiskeli zao kwenye ubaridi ule, ukungu umelala juu ya maji, na hakuna aliyepaza sauti. Tulipoachiwa, nilichosikia ni minyororo tu. Minyororo mamia ikizunguka kwa pamoja, mlio mwembamba kama wa nyuki walio mbali. Hata Shabani alinyamaza, na hilo peke yake ni la kuandikwa.

Pale Södertälje familia ya Papa Josué ilikuwa imejipanga kando ya barabara. Mke wake, watoto, wajomba, na wanakwaya wawili watatu. Walikuwa na mfuko wa chapati na ndizi na mayai ya kuchemsha, wakampa mzee wao huku wakiimba. Waswidi waliokuwa wanapita walipunguza mwendo kuangalia. Mimi nilitokwa machozi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu anaweza kupendwa namna ile saa hiyo ya asubuhi.

Na mfuko ule ndio uliotuponza.

Yaani hapa nataka nimcheke na nimlilie kwa wakati mmoja. Papa Josué hawezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Hajui. Tuliposimama Strängnäs kujaza chupa za maji, akafungua mfuko, akagawa. Kwanza sisi. Halafu vijana wawili wa Kiswidi waliokaa karibu, ambao hatuwajui. Halafu mama mmoja aliyepata pancha. Nilimwona akitingisha mfuko mtupu, akaukunja vizuri, akautia mfukoni, anatabasamu. Na kila kituo cha chakula tulichofika, wakati sisi tunakimbilia maandazi ya mdalasini na ile supu yao tamu ya matunda, yeye alibaki kulinda baiskeli. Achieng' alikuwa anamuuliza, "Papa, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Niko muzuri."

Basi. Achieng' amekulia hapa. Ukimwambia umekula, umekula. Sisi wengine tunajua kwamba mtu mwenye heshima anakataa mara ya kwanza, anakataa ya pili, na ya tatu ndiyo unamsukumia sahani. Lakini siku hiyo sote tulikuwa tunahangaika na miguu yetu, na hakuna aliyemuuliza mara ya tatu. Na yeye ndiye aliyekuwa anakaa mbele kuliko wote. Upepo wote wa upande wa kusini aliukata yeye.

Tulipopita Enköping upepo ukageuka. Kule ni tambarare, mashamba tu kushoto na kulia, hakuna hata msitu wa kumsitiri mtu. Ulikuwa unatupiga usoni moja kwa moja kutoka Stockholm, kana kwamba mji hautaki turudi. Hapo nikaona gurudumu la Papa Josué linayumba. Nikamwita, hakujibu. Akasogea pembeni taratibu, akashuka, akakaa kwenye nyasi, akaanza kuongea Kifaransa peke yake. Midomo imekuwa myeupe. Mikono inatetemeka hata kofia ikamshinda kufungua.

Hata mtoto wa miaka minne angejua ana nini. Njaa. Ile njaa ya kwenye baiskeli ambayo si ya tumbo tena, mwili wenyewe umeishiwa.

"Papa Josué," nikamwambia, "leo umekula nini?"

Akaniangalia. Akafikiri sana. "Chai," akasema.

Lo! Sikumwomba wala sikumkaribisha. Nilimmenyea ndizi nikamtia mdomoni kama mtoto, nikampa soda ya Shabani, nikampa zile peremende za jeli ninazozificha kwenye mkono wa jaketi. Kila alipotaka kusema ameshiba nilimkatiza, "Tafuna!" Shabani akasema, "Papa, tii, huyu mama anang'oa meno huyu." Hata Papa akacheka kidogo, na nikajua hatafia pale.

Lakini muda. Mashindano yale yana sharti moja. Timu inahesabika timu ikiwa wote wanavuka mstari pamoja kabla haujafungwa. Akikosekana mmoja, wanaofika wanaandikwa kila mtu kivyake, na timu haipo. Papa Josué alilijua hilo vizuri kuliko wote.

"Muende tu," akasema. "Muniache. Nitafata na bisi."

Hakuna aliyesogea. Achieng' alikuwa anaangalia barabara na saa, saa na barabara. Goti la Shabani lilikuwa limevimba tangu Västerås, angeweza kuendesha akiwa amejificha tu. Na Achieng' peke yake asingeweza kuukata upepo ule kwa ajili ya watu watatu mpaka Stockholm. Niliona akipiga hesabu na niliona hesabu inakataa.

Nikasema, "Mimi nakaa mbele. Nipokezane na wewe."

"Mama, una uhakika?"

Aliuliza mara moja tu, kama kawaida yake. Na mimi sikungoja kubembelezwa. Nikasema ndiyo.

Sijui nielezeje kilichofuata. Kwa miaka miwili nilidhani naujua upepo, na mimi ni mtu wa Singida, upepo nimezaliwa nao. Kumbe nilikuwa nausikia tu. Ukiwa mbele, upepo ni mtu mzima anayesukuma mlango kutoka upande wa pili, na wewe unasukuma wa kwako, na hakuna atakayeacha. Macho yananitoka machozi. Pua inanitiririka na sina mkono wa kufuta. Mbele yangu hakuna mgongo wa mtu. Barabara tupu, mawingu yakikimbiza vivuli vyao juu ya ngano, na kule mbali maji ya ziwa yanameta. Kutwa nzima nilikuwa nimelizunguka ziwa lile, na ndiyo kwanza nilikuwa naliona.

Na nyuma yangu nilisikia pumzi. Papa Josué, mlima ule, amejikunja nyuma ya mgongo wangu huu mdogo, gurudumu lake shubiri moja kutoka langu. Nikiyumba, anaanguka. Nikifunga breki bila kuonya, anaanguka. Kwa uchovu ule alinikabidhi maisha yake, na hakuuliza kama ninaweza. Niliogopa, lakini si ile hofu ya kuanguka. Ilikuwa ile hofu unayoisikia ukiingia kanisa kubwa peke yako na hakuna mtu ndani.

Nilikaa mbele, nikajitoa, Achieng' akapokea. Nikapumua mkiani. Akajitoa, nikarudi. Tena. Tena. Mara ya tatu au ya nne miguu ikaanza kuniambia mambo mabaya. Nikaanza kuimba mapambio ya kwetu kwa kilugha, kwa sauti mbovu, na Shabani, Mwislamu wa watu, akaitikia "Amina" kila mstari bila kujua unasema nini.

Bålsta. Kisha miti, na upepo ukalegea. Kisha maghorofa. Papa Josué rangi ikamrudia, akaomba zamu. Achieng' akamkatalia.

Tulivuka wanne sambamba, bega kwa bega, Achieng' alitupanga hivyo kabla ya kona ya mwisho. Nyuma yetu wanaume wawili wenye vizibao vya njano walishaanza kukunja mabango. Mmoja akaangalia saa yake, akaandika timu yetu, akanivika medali akasema "Bra jobbat," kazi nzuri, akamgeukia anayefuata. Nilitaka nimshike mkono nimwambie. Nikaona hataelewa.

Halafu tukakaa kwenye nyasi. Papa Josué alikula. Mungu wangu, alikula! Soseji, mkate, wali wa mtu mwingine. Shabani akawa anamkaribisha kila dakika, "Papa, karibu tena, usione haya," na yeye anakubali mara ya kwanza bila kukataa hata kidogo. Nilikuwa nangoja. Nitasema ukweli, nilikuwa nangoja mtu aseme kitu kuhusu mimi. Hongera Mama, leo umetuokoa, kitu kama hicho. Nilishaandaa na jibu la unyenyekevu.

Hawakusema.

Achieng' alikuwa amelala chali, simu juu ya uso, anapanga mazoezi ya wiki ijayo, na alikuwa anasoma kwa sauti huku akiandika. "Jumapili saa mbili. Shabani akipona goti anaanza mbele. Wa pili Mama Neema. Wa tatu mimi. Papa nyuma mpaka ajifunze kula." Shabani akalalamika kuhusu saa mbili, eti mapema. Papa Josué akalalamika kuhusu nyuma. Kuhusu wa pili hakuna aliyelalamika. Hakuna hata aliyegeuza shingo. Mjadala ukahamia kwenye mvua.

Nilivaa miwani yangu ya jua, ingawa jua lilishajificha, nikalia pale pale katikati yao, na hakuna aliyejua.

Leo magoti yanauma, makalio siyasemi. Neema amenipikia chai bila kuombwa, akaiangalia medali, akaigeuza, akaniuliza, kwa Kiswahili, kama tulishinda. Nimemwambia hapana, tulikuwa karibu wa mwisho kabisa.

Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe, mimi ni wa pili.