Ugali wa Pakiti

Dada Rehema mpenzi, shikamoo! Nibusie watoto wote.

Ndoa ni tamu, dada! Nikiamka namtazama Gervas wangu nacheka peke yangu. Songea kuna baridi, na ukungu wa milima ya Matogoro unatufanya tukumbatiane kama vifaranga. Ila jana nililia.

Baba mkwe ni fundi mitambo katika kinu cha unga cha serikali. Tangu maduka yajae unga wa pakiti kutoka nje, mweupe na wa bei nafuu, unga wao haununuliki, na juzi wameambiwa kinu kinafungwa. Jana mama mkwe, kwa kuniheshimu mimi mgeni, akapika ugali wa pakiti hizo hizo. Mdogo wake Gervas akatania, "Mzee, leo unamtafuna adui!" Tukacheka, na baba akacheka.

Akamega tonge, akatafuna taratibu. Tukangoja auponde. Akasema, "Mama Gervas, huu ni laini. Sisi hatukuwahi kusaga hivi." Kisha akaomba maji ya kunawa, ugali haujapungua, akatuhimiza tule tushibe.

Mimi ndiye niliyemnawisha. Nilitamani kumkumbatia, dada, lakini mkwe hakumbatiwi. Nikamimina tu, naye akaacha mikono pale pale, hadi birika likaisha maji.

Muombee. Nakupenda mno, na Mungu awatunzie riziki yenu wewe na shemeji.

Mdogo wako mwenye furaha na machozi,
Stella