Mashine Iliyopumzika Sabato

Migori, 4 Machi 2024

Mwanangu Monari,

Natumaini u mzima huko Homa Bay na kazi haijakumaliza. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu, lenye kichwa kigumu kama chako.

Unataka kuhamishia klaudi ile tovuti ya wachangiaji damu aliyoianzisha marehemu baba yako. Sitaki. Kompyuta yake inayoiendesha iko hapa dukani nyuma ya vitambaa, naipangusa kila asubuhi, taa yake naiona. Hospitali wakikosa damu wanafungua tovuti, wanapata majina na namba za simu. Klaudi ni mashine za watu, ni nyumba ya kupanga. Mwenyewe akibadilisha kufuli, utalala wapi? Niandikie, usinipigie. Kwenye simu unanikatiza.

Mama yako,
Nyasuguta

Homa Bay, 7 Machi

Mama mpendwa,

Bwakire, habari za asubuhi. Pole kwa goti. Mimi niko sawa, ni jua tu la huku.

Kweli, klaudi ni kupanga, na kodi ni ya kila mwezi. Lakini huko tovuti haikai kwenye mashine moja. Nakala ziko kwenye nyingi. Moja ikizima, nyingine inapokea. Hapo dukani iko moja, ikifa imekufa. Tena nimeangalia rekodi: kila Ijumaa jioni tovuti inapotea, inarudi Jumamosi jioni. Stima ya hapo ina shida gani?

Mwanao,
Monari

Migori, 11 Machi

Monari,

Salamu tele. Goti limetulia.

Stima haina shida. Ni mimi. Ijumaa kabla jua halijazama nafunga duka, nazima taa, nazima na mashine. Sabato kwangu hakuna anayefanya kazi, si mimi, si Kemuma wa cherehani, na sioni kwa nini chombo cha baba yako kitoke jasho peke yake. Imekuwa hivyo tangu tumzike na hakuna aliyelalamika. Kama kuna ubaya, niambie.

Mama yako

Homa Bay, 20 Machi

Mama,

Natumai umeamka salama. Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika. Nikasema nitajibu nikipata nafasi, na sikujibu.

Jumamosi iliyopita Metrine, mke wa Ken wa kule Masara, alijifungua hapo Migori akavuja damu. Ilihitajika damu ya kundi la O hasi, na hospitali haikuwa nayo. Muuguzi alijaribu kufungua tovuti kuanzia saa nne asubuhi. Metrine alifariki saa nane mchana. Mtoto yuko hai, ni msichana. Muuguzi ameniandikia kuuliza kama tovuti ilifungwa.

Nimeangalia orodha. Hapo mjini mwenye O hasi ni mmoja tu. Ni wewe.

Mwanao

Migori, 9 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nimechelewa kukujibu. Nimelia, nimeomba, nimejikasirikia, na wewe pia nimekukasirikia.

Hamisha tovuti. Nenosiri liko kwenye daftari la baba yako, nimekutumia picha ya ukurasa huo. Mashine haijazimwa tangu nilipopata barua yako, na simu sasa naingia nayo kanisani.

Jana nilienda Masara. Nilimwambia Ken yote: kwamba aliyezima ni mimi, na kwamba damu iliyokuwa ikitafutwa nilikuwa nimeketi nayo ibadani, nyuma tu ya ukuta wa hospitali. Mtoto akaanza kulia. Ken akanipa nimshike, akaenda kupasha maziwa.

Mama yako