Usimtume Safari Kunichukua

Dodoma,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa siku zote ambazo sikukuamkia. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa au bado anawazungusha? Na maharage, mvua imewaachia chochote? Mimi ni mzima, isipokuwa mguu, na huo mguu ndio ulionikalisha kuandika.

Shemeji Restituta, wewe unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke mahali ukidhani utamwumiza. Nakufahamu.

Naandika kwa kompyuta ya ofisini, ile inayonisomea kila neno ninaloliandika. Kwenye simu ningeshindwa, Mama, kwa sababu unalia, na ukilia mimi nasema ndiyo kwa kila kitu. Juzi Safari, mdogo wangu, alinipigia akasema umeshaamua: anakuja kunichukua, niache kazi yangu ya kupokea simu, nirudi Endasak nikae. Sikumjibu. Najibu sasa.

Kwanza ujue kilichotokea, maana nasikia huko imefika habari kwamba nimegongwa na lori. Hakuna lori. Kuna mtaro.

Ile simu inayoniongoza njia unaijua. Naweka kipaza sauti chake kidogo kwenye sikio moja, sikio la pili naliachia barabara, fimbo nyeupe mkononi. Inaniambia, "Nenda moja kwa moja. Pinda kulia." Majina ya mitaa inayatamka kama mzungu mwenye mafua. Wakati mwingine inatangaza "Umefika" na mimi bado niko ng'ambo. Siku moja niliingia saluni ya akina mama nikaamkia watu wote, nikidhani niko ofisini. Walicheka mpaka basi, halafu wakanipa kiti. Lakini ndiyo inayonitoa nyumbani asubuhi bila kumwomba mtu mkono, na ninaishukuru hata ninapoitukana.

Sasa simu inaijua barabara, haijui kwamba jana yake jioni mafundi wa bomba walikuja kuchimba. Walifunga utepe wa kuzuia watu, wakaufunga juu usawa wa kifua. Fimbo ikapita chini ya utepe, nami nikaifuata. Nikajikuta ndani, tope mpaka mdomoni, na simu, Mama, mle mle sikioni, inasema, "Endelea mbele." Lo! Endelea mbele kwenda wapi, kuzimu?

Mama mmoja muuza uji na vijana wa bodaboda ndio walionitoa. Yule mama alinifuta uso kwa kanga yake, akasema, "Pole, baba. Sasa ndugu zako wako wapi? Wanakuachiaje utoke peke yako?" Alisema kwa huruma kabisa. Maneno hayo yaliniuma kuliko kifundo cha mguu. Safari alipopiga siku ile ile, simu yangu alikuwa nayo mwenzangu wa ofisini, naye akaeleza kwa haraka haraka, ndipo huko likazaliwa lori.

Mama, nimechoka. Sitakudanganya. Sisi wa mlimani tumelelewa na mteremko. Hata chumvi mezani kwetu ukiiulizia unaambiwa iko upande wa juu. Nilipohamia hapa niliwauliza watu, "Duka liko upande wa juu au wa chini?" Wakanijibu, "Juu wapi, kaka, unataka kuruka?" Kwetu miguu yenyewe ilikuwa inajua mlima uko wapi. Ninapokaa hapa ni tambarare tupu, ardhi haisemi kitu. Natega masikio kutwa, na nikirudi nyumbani kichwa kinaniuma, hata kula sitaki.

Kwa hiyo Safari alipoitaja habari ya kurudi, moyo ulisema ndiyo kabla hajamaliza. Nilitamani kesho yake niwe jikoni kwako.

Kisha nikakumbuka nikiwa huko huwa nafanya nini. Nakaa. Nikisimama tu, nyumba nzima inaruka: "Unataka nini? Kaa, utaletewa." Maji naletewa. Kiti nasogezewa. Hata chooni napelekwa, mtu mzima na ndevu zangu. Kwetu sipotei, Mama, kwa sababu siendi popote. Mnafanya kwa upendo, najua, wala sina kinyongo na mtu. Lakini mtaroni nilitolewa siku ile ile. Kwenye kile kiti nani atanitoa?

Basi jibu ni hapana. Usimtume Safari. Kazi siachi. Nikitumbukia tena nitatoka tena, na nitalalamika sana, mniache nilalamike.

Nisalimie Safari, mwambie sijamkasirikia. Mjomba fundi seremala mwambie fimbo aliyonichongea utotoni bado ninayo. Shangazi wa Basotu mpe pole ya kufiwa, na mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya pili bado naikumbuka. Shemeji, asante kwa kusoma mpaka hapa.

Mguu ukipona nitaomba likizo nije. Nitashuka kwenye basi pale Endasak, na asinipokee mtu. Kutoka lami kuja kwetu simu haina njia, itanyamaza, nami nitakuja hivyo hivyo. Nikifika bondeni nitasimama niite, kama wageni wa kwetu wanavyoita kwa mbali kabla ya kuikaribia nyumba ya watu. Mama, nakuomba, usiteremke kunishika mkono. Simama mlangoni, uitikie. Ukiniona nimekosea njia, usikimbie. Itikia tena.

Mwanao,
Emanuel