Kikao Kilichokataa Kufumua Uzi

Wewe utakayepokea daftari hili baada yangu, soma aya hii peke yako. Katika nakala ya faili haimo. Niliagizwa nifumue nyuzi za rangi kwenye makoti sita ya traksuti za sampuli kabla hayajasafirishwa. Nilisema nimefumua. Sikufumua hata mmoja. Sijamwambia mtu, hata mama.

USHIRIKA WA WASHONAJI WA NGUO ZA MICHEZO ZA KIFAHARI
Kikao cha sita, Jumanne, saa nane mchana, chumba cha kukatia.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mkataji, shangazi yangu), Afisa Mauzo (mwanawe), Bibi Kofia (fundi wa kola), Fundi Zipu, Katibu.
Hakuhudhuria: Mpiga pasi. Hakutoa udhuru. Inasadikiwa bado amenuna kwa sababu ya ugomvi wa feni.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba cherehani zizimwe. Fundi Zipu alizima yake alipoombwa mara ya pili.

KUMB. NA. 2/6: BARUA YA MNUNUZI WA NJE
Afisa Mauzo alisoma barua. Mnunuzi alisifu kitambaa na mkato, akataka traksuti mia mbili na arobaini kwa masharti mawili: lebo yetu itolewe aweke yake, na nyuzi za rangi ziondolewe kwa kuwa zinaonekana kama kosa.

Ieleweke kwamba kila fundi hapa humalizia mshono wa mwisho, ndani ya mkono wa kushoto, kwa uzi wa rangi yake, ili mshono ukiachia ajulikane wa kuulizwa.

Afisa Mauzo alilalamika kwamba alikwisha kumwahidi mnunuzi sampuli zisizo na nyuzi hizo. Alitaka kujua nani alizirudishia, maana Katibu alizifumua. Katibu aliendelea kuandika.

Bibi Kofia alisema, "Ni mimi. Na ukinipa tena, narudia." Fundi Zipu alipinga, akasema ni yeye. Mwenyekiti alisema wote wanadanganya, ni yeye.

"Mama, wewe hata tundu la sindano hulioni bila miwani!"

Mwenyekiti alimkumbusha Afisa Mauzo kwamba mama yuko nyumbani, hapa kuna Mwenyekiti. Ikaonekana kwamba makoti sita yalishonwa upya na watu watatu, kila mmoja akiwa peke yake.

KUMB. NA. 3/6: UAMUZI
Afisa Mauzo alieleza kwamba ametafuta soko la nje kwa miezi minane, na tukiikosa oda hii tutaishia kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Mwenyekiti alikiri kwamba ni kweli, akamshukuru.

Bibi Kofia alisema, "Miaka kumi na tisa kiwandani nilishona kola za watu. Nikiziona dukani, hata mjukuu wangu nashindwa kumwambia hii nimeshona mimi. Sirudi huko, mwanangu. Hata kwa oda ya elfu."

Mwenyekiti aliitisha kura.

Iliamuliwa, kwa kura tatu dhidi ya moja (Katibu hapigi kura), kwamba traksuti zetu zivuke mpaka na lebo yetu na nyuzi zetu, au zisivuke. Katibu amwandikie mnunuzi hivyo, bila neno "samahani". Sampuli nyingine zipelekwe kwenye maduka manne ya nchi ya mnunuzi huyo, pamoja na karatasi ya kueleza kila rangi ni ya mkono wa nani. Afisa Mauzo, aliyepinga, alisema karatasi hiyo ataiandika yeye, "kwa sababu nyinyi mtaharibu."

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO
Mwenyekiti, bila kutoa sababu, aliagiza Katibu afundishwe kushona kuanzia kesho, na achague rangi yake sasa hivi. Katibu aliulizwa mara mbili kwa kuwa hakusikika. Alichagua rangi ya chungwa.

Fundi Zipu alisema, "Hiyo itaonekana mpaka barabarani!"

Mwenyekiti alijibu, "Ndiyo ionekane."

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA
Saa kumi kasorobo cherehani ziliwashwa, ikawa hakuna tena anayesikia hoja ya mwenzake.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)

Nadhani shangazi anajua. Hajasema, nami sijauliza. Wenzangu watatu wamejitwisha kosa langu, kwa hiyo nawe uliyesoma hadi hapa, tafadhali, usimwambie mtu.