Kwa Baba Neema, Aliyekwenda Kuchoma Mizoga

Baba Neema wangu,

Tangu juzi kuna ng'ombe wa jirani amekufa kule bondeni, na mpaka sasa hakuna ndege aliyeshuka kumla. Zamani ungesimama uani, kiganja juu ya macho, uniambie, "Ngoja uone." Kitone cheusi kingetokea mbali huko juu, kisha kingine, kisha kundi zima la tumbusi, na kabla chai yako haijapoa wangekuwa wameshafika. Mimi niliwachukia kwa zile shingo zao tupu na kelele za kugombania utumbo. Wewe ulicheka. "Hawa ndio mabwana afya wa pori, Mama Neema. Siku wakiondoka utajua walikuwa wanafanya kazi gani."

Nimejua, mume wangu. Harufu inaingia mpaka jikoni.

Ulipochaguliwa kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, mama yako alilia akisema majangili watakuua. Mimi pia niliwaogopa majangili. Hakuna aliyeniambia nimwogope mtoto niliyembeba mgongoni.

Kiangazi kile mdogo wangu Masanja, yule niliyembeba mgongoni, alikuja huku Sikonge na ng'ombe wa baba, malisho ya kwetu Puge yalipokwisha. Ulimpokea vizuri. Ulimwonyesha mpaka wa hifadhi ulipo, ukamsaidia kukata miiba ya kuzungushia boma lake. Jumapili alikuja kula kwetu, anasimama mlangoni na kofia mkononi: "Shikamoo dada, shikamoo shemeji." Neema alimkimbilia kabla hata hujaitikia marahaba.

Kisha simba jike akamwua ng'ombe mwekundu, yule aliyekuwa ananyonyesha. Masanja alifika kwetu na hasira.

"Shemeji, simba wako amemla ng'ombe wa baba."

"Si wangu, Masanja. Pole sana. Nipe nafasi niwaite wenzangu tumfukuze arudi ndani. Lakini usiweke kitu kwenye ule mzoga."

"Sitaweka."

Alipojibu hivyo alinitazama mimi, hakukutazama wewe.

Siku iliyofuata mrina asali alipita akasema porini kuna ndege wengi wamelala chini. Ulisimama hapo hapo. Ulichukua jembe na mafuta ya taa, ukatia na mifuko ya sukari kwenye begi ujifunge mikononi, maana glavu hamkuwa nazo. Nilikuomba uwasubiri watu wa wilayani. "Nikisubiri, fisi watakula, nao watakufa, na wao wataliwa. Sumu haikai mahali pamoja." Hayo ndiyo uliyoniambia, ukapanda baiskeli.

Yaliyobaki nilisimuliwa na mwenzako wa doria. Alisema simba jike alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na tumbusi wametapakaa nyasini kama nguo zilizoanikwa. Wengine walikuwa bado wanapiga bawa moja. Ulimwokota kila mmoja. Mlirundika kuni, mkachoma mpaka jua likapinda, na maji ya dumu yakaisha. Ukateremka bwawani, ukanawa uso, ukanywa. Mwenzako alipokuja nyuma yako na kikombe, ulikuwa umeshaanza kutetemeka. "Usinywe," ulimwambia. Yeye yu hai kwa neno hilo.

Alikufunga mgongoni kwake kwa shati lake, akakuleta zahanati kwa baiskeli. Jasho lilikuwa linakutiririka, mate hayazuiliki, na macho yako hayakuniona ingawa nilikuwa nimekushika. "Neema amekula?" uliniuliza. Nilikwambia amekula. Hakuwa amekula, lakini nilikwambia amekula. Hukusema tena.

Siku ya kuanua matanga nilikuwa nyuma ya jiko naosha masufuria. Masanja alikuja, hakusalimia, akakaa chini mavumbini.

"Dada, nyama niliitia sumu mimi."

Nikaendelea kuosha.

"Na kopo nikaliosha bwawani. Sikujua kama shemeji atakunywa pale."

Sufuria lile lilikuwa limeshatakata, nami bado nalisugua. Kisha nilimwambia aende akaoge, avae shati safi, twende kituo cha polisi. Wazee wetu walinizuia. Walisema tuyamalize nyumbani, kwamba aliyekufa harudi, je, nataka kupoteza wawili? Masanja mwenyewe ndiye aliyewajibu: "Mwacheni dada." Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele.

Ndiyo, nimepoteza wawili.

Wiki iliyopita waliniita kwenye mkutano wa wafugaji. Mimi si msemaji, unajua. Niliwaeleza habari za kopo lile tu, nikakaa. Baba mmoja akasema kwa upole, "Mama, pole, lakini simba bado wanatumaliza." Ni kweli. Niliwaambia yale uliyokuwa unasema wewe: boma la miiba lipandishwe juu, na askari waitwe mapema, kabla hasira haijashika mkono. Wachache wameanza kukata miiba. Sijui kama itatosha. Upande ule wa mbuga, siku nzima naweza kutazama juu nisione kitu kinachozunguka.

Jana nilikwenda gerezani kumwona Masanja. Amekonda. Tulizungumza habari za mvua, na za Neema, kwamba sasa anasoma vizuri. Muda ulipokaribia kwisha aliinamisha kichwa, akaniuliza, "Dada, siku nikitoka, nije kwako?"

Wewe ungemjibu pale pale, nakujua. Ungemwambia njoo, na usiku huo ungemtandikia kitanda. Mimi siko hivyo. Askari akaita, Masanja akainuka, akaenda bila jibu.

Pumzika, Baba Neema. Mwezi ujao nitakwenda tena kumwona, naye ataniuliza tena.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema