Saini ya Riziki

Jumatatu, 7 Machi
Nimefungua duka la kushona saa mbili. Sketi tano za shule, zipu mbili za kubadilisha. Mvua. Mtaa mzima wa Overport watu wamejificha, mteja hakuna. Nimejaza fomu ya kuomba nisamehewe mkopo wa corona, ule serikali iliwapa wenye biashara ndogo. Kurasa sita. Ukurasa wa nne umenishinda. Wanataka jina la kila mfanyakazi niliyemlipa kwa hela ile, miezi mingapi, na saini yake.

Nilikuwa na mmoja tu. Riziki. Mkopo ulikuwa wa mishahara ya miezi minne. Nilimlipa mwezi mmoja, nikamwachisha kazi. Hela ya mitatu iliyobaki nililipa kodi ya duka.

Alhamisi, 10 Machi
Foleni ofisini asubuhi yote. Karani, mama mpole aliyechoka, ameniambia kodi haihesabiwi. Wanasamehe mishahara tu.

Mume wangu anasema niandike minne. Nani atauliza? Mimi mwenyewe nimefikiria hivyo hivyo tangu Jumatatu.

Jumamosi, 12 Machi
Nimeenda mtaa wa Albert Park. Riziki anakaa ghorofa ya tisa, lifti mbovu. Miaka miwili sijamwona. Alikuwa anamsuka mteja. Nimemweleza nikiwa nimesimama: nataka asaini miezi minne. Amemaliza mstari kwanza.

"Mama Gloria, ile miezi mitatu nilikula chakula ya kanisa. Mimba ilikuwa ya miezi tano. Ulijua."

Nilijua.

"Lakini leta, nisaini. Duka yako ikifungwa, mimi itanisaidia nini?"

Akanyoosha mkono achukue kalamu. Sikumpa. Nimesema karatasi moja nimeisahau nyumbani. Ilikuwa kwenye mkoba.

Jumapili, 13 Machi
Kanisani sikuimba. Nina hasira na Riziki. Bora angenitukana. Angenifukuza, ningerudi nyumbani nikamlaumu.

Mume ameuliza tena. Nimemwambia aniache.

Jumatatu, 14 Machi
Nimeandika mwezi mmoja. Ukurasa wa kwanza nilikosea, nikaomba mwingine ofisini.

Baada ya kufunga nimepanda tena zile ngazi. Nimemwambia Riziki nilimkosea. Kwamba siku nilipomwachisha kazi nilisema hakuna hela na hela ilikuwepo. Nilichagua duka.

"Ndiyo," akasema.

Basi. Amesoma ukurasa wote, polepole, kidole juu ya mistari. Amesaini mwezi mmoja. Binti yake alikuwa ameshika mguu wa kiti, ananiangalia. Ndiyo mara ya kwanza namwona. Riziki hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Jumatano, 23 Machi
Hakuna barua. Nimekata kitambaa cha mteja vibaya. Eish. Nitanunua kingine.

Ijumaa, 8 Aprili
Barua imekuja. Wamesamehe robo. Iliyobaki nitalipa kwa miaka mitatu. Mume ameisoma mara mbili, amemaliza chai, ameenda bandarini kupakia lori lake. Hajanigombeza. Naogopa. Miaka mitatu ni mingi.

Saa kumi Riziki ameingia dukani na mtoto mgongoni. Ameleta kagauni ka mtoto, ni kakubwa kwake, anataka kapunguzwe kiunoni. Ameuliza bei. Nilitaka kukataa hela yake, lakini alikuwa anasubiri jibu, uso wake wa kawaida kabisa, kama mteja yeyote. Nimemtajia bei. Ameweka hela mezani.

Nimekashona palepale. Amekaa kwenye kiti karibu na mlango, akangoja.